Yoga ipi ikufae? Uliza mwendo kabla ya jina

Tamasha la yoga likiwa Lamu, mtu akipita kijiji cha Shela hukuta ratiba yenye majina mpaka kichwa kikazunguka: Hatha, Vinyasa, Ashtanga, Iyengar, Yin, Kundalini. Jina peke yake halikusaidii kuchagua. Muulize mwalimu mambo matatu: mkao mmoja hukaliwa kwa muda gani, kipindi kina joto kiasi gani, na je, yeye huzunguka akirekebisha watu au husimama mbele tu akaonyesha? Ukiyajua hayo, hata jina likiwa geni hutapotea.

Hatha kwa asili ni jina la yoga ya viungo kwa jumla. Kwenye ratiba, mara nyingi humaanisha kipindi cha taratibu: unaingia kwenye mkao, unavuta pumzi tano hadi nane, unatoka, unapumzika. Asiyewahi kufanya yoga na aanzie hapo.

Vinyasa ni mwendo usiokatika, kila tendo na pumzi yake: unavuta pumzi ukiinua mikono, unaitoa ukiinama. Inapendeza, inatoa jasho, na mara nyingi huumiza mabega ya wanaoanza. Sababu ni tendo moja linalorudiwa tena na tena: kushuka kutoka kwenye ubao, yaani mwili umenyooka juu ya viganja na vidole vya miguu, hadi karibu na sakafu. Mtu akichoka huacha mabega yatangulie chini kuliko viwiko, na uzito wote ukaangukia mbele ya bega. Weka magoti chini kwanza, banisha viwiko kwenye mbavu, ukome pale mkono wa juu unapolingana na sakafu. Usione haya kufanya hivyo mwezi mzima.

Ashtanga iliyoenezwa na Pattabhi Jois kutoka Mysore, India, ni kali zaidi, na mikao yake ina mpangilio usiobadilika. Mfululizo wa kwanza peke yake huchukua kama saa moja na nusu. Kwa desturi hufanywa siku sita kwa wiki, na watu hupumzika mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. (Wavuvi wetu huuhesabu mwezi kwa ajili ya bamvua, hawa kwa ajili ya mapumziko.) Inamfaa mwenye nidhamu anayependa kujua kesho atafanya nini. Tatizo lake ni kuinama mbele kwingi. Ukilazimisha kichwa kifike magotini, kano ya nyuma ya paja huumia pale inaposhikana na mfupa wa kitako, na jeraha hilo hukaa miezi. Kunja magoti kidogo, uinamie kwenye nyonga badala ya kupinda mgongo.

B.K.S. Iyengar alisoma kwa mwalimu yuleyule aliyemfundisha Jois, Krishnamacharya, lakini njia yake ilikwenda kwingine. Hapa unakaa kwenye mkao kwa muda mrefu na kila kiungo huwekwa mahali pake kwa msaada wa vifaa. Kwa mwenye mgongo mbovu, mwenye umri mkubwa, au fundi wa madau aliyeinamia tezo miaka na miaka, hii ndiyo tungeitanguliza. Vifaa visikutie hofu: kikoi kilichokunjwa kwa urefu ni mkanda mzuri, na kuta nene za nyumba za mji wa kale hazitikisiki ukiegemea. Kiti kiwe cha mbao au chuma, kwa sababu cha plastiki hupanua miguu kikateleza. Kwenye mkao wa kusimamia mabega, tandika mablanketi matatu yaliyokunjwa chini ya mabega, kichwa kibaki chini zaidi, ili shingo isibebe mwili. Mwenye presha ya juu au ugonjwa wa macho wa glakoma aache kabisa mikao ya kichwa chini.

Yin hufanywa sakafuni, dakika tatu hadi tano kwa mkao, misuli ikiwa imelegezwa. Mama anayekaa kwenye mbuzi kukuna nazi huenda akashangaa: nyonga zake ziko wazi kuliko za kijana wa ofisini, ila mgongo umekaza. Mvuto mzito wa ndani si neno. Maumivu makali au ganzi, toka papo hapo, taratibu. Mwenye viungo vinavyolegea kupita kiasi asiifanye Yin kuwa yoga yake kuu, maana anachohitaji ni nguvu.

Yoga ya joto ya mtindo wa Bikram ni mikao 26 kwa dakika 90 katika chumba cha nyuzi kama 40. Kusema kweli, Lamu wakati wa kaskazi haihitaji hita. Vinyasa chini ya bati saa saba mchana yatosha kukuangusha. Chagua saa kumi na mbili asubuhi, kunywa maji kabla, na ukiona kizunguzungu au jasho limekauka ghafla, lala kivulini. Mjamzito asiingie kwenye joto hilo.

Kundalini ina pumzi za haraka na nyimbo za mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, na Ashtanga nayo hufunguliwa kwa maneno ya Kisanskriti. Kama hilo linakugusa katika dini, uliza mapema. Walimu wengi hawaoni ubaya ukinyamaza.

Kwa wanawake, ulizia kipindi cha wanawake peke yao, kisha, kama mtafanyia juu ya dari la nyumba, uulize pia kama dari hilo linaonekana kutoka dari la jirani. Dera hukanyagwa na kukuangusha. Suruali pana na fulana ndefu iliyochomekwa ni bora, kwani isiyochomekwa hukufunika uso ukiinama. Hutaki kuguswa? Mwambie mwalimu kabla ya kuanza.

Mkeka wa ukindu huteleza kwenye saruji, kwa hiyo tafuta wa raba. Ufukweni, subiri maji yakupwe ufanyie kwenye mchanga ulioshikana, kwani mchanga laini huzamisha viganja na kuumiza vifundo vya mikono.

Ukishachagua, nenda mara tatu kwa mwalimu huyohuyo, tumbo likiwa na saa mbili au tatu tangu chakula, zaidi kama kilikuwa biriani. Halafu jipime kesho yake asubuhi unapoinuka kitandani: misuli ikiuma kidogo, endelea. Likiuma goti, bega au kiuno, shuka kwenye mtindo wa taratibu zaidi.