Kabla hujampa mtu shingo yako

"Shikamoo dada. Niligongwa kwa nyuma wiki iliyopita, gari limebonyea ila mimi mzima, shingo tu ndiyo inakaza na kichwa kinauma. Jana kanipigia kaka mmoja, Kiswahili chake safi kabisa, anasema kuna daktari wa shingo ya juu, sitoi hata senti, bima inalipa. Niende?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinikuta zamu ya usiku. Niliusoma, nikaenda kumgeuza bibi wa chumba cha mwisho, nikarudi kuusoma tena. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu tuko wengi Minnesota hii, tunaamka saa kumi alfajiri, tunaendesha kwenye barafu, tunabeba wazee wa watu, na shingo zetu ndizo zinazolipa ada za shule kule nyumbani. Simu uliyopigiwa wewe, mimi nilipigiwa Februari 2019.

Nilisimama kwenye taa nyekundu Minneapolis, theluji imeganda, mwenye lori dogo nyuma yangu akashindwa kufunga breki. Hospitali walinipiga picha, wakasema hakuna kilichovunjika, wakanipa dawa za maumivu. Siku ya pili yake simu ikaita. "Pole na ajali, dada yangu." Sikujiuliza alijuaje. Nilikuwa peke yangu, mume yuko Tanga, na sauti ile ilinisogeza karibu na nyumbani. Nikamwambia kila kitu, hadi jina la kampuni yangu ya bima.

Unapaswa kujua jambo moja kuhusu jimbo hili. Bima ya gari hapa inalipia matibabu yako bila kujali nani mwenye kosa, na kiwango cha chini kisheria ni dola 20,000. Hiyo ni hela ya kukutibu wewe. Wapo wanaoiona kama kisima, na wapo wanaolipwa kwa kila majeruhi anayepelekwa kwenye kisima hicho. Sheria ya Minnesota inakataza kuwalipa watu wa namna hiyo. Mimi sikuijua, na hakuna aliyenieleza kwa Kiswahili.

Kliniki niliyopelekwa siitaji. Nilijaza fomu nisizozisoma, nikalazwa kitandani, na kabla sijauliza chochote shingo yangu ikakunjwa kushoto, ikakunjwa kulia, ikalia. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani. Hakuna aliyeziomba picha za hospitali. Mara tatu kwa wiki, miezi mitano. Kila nikienda naunganishwa na mashine, naweka sahihi, narudi kazini. Maumivu yakapanda kutoka kisogoni hadi nyuma ya jicho la kulia, yakageuka kipandauso, nikawa natapika chooni katikati ya zamu. Nikisema, naambiwa mwili unajirekebisha, vumilia. Kisha ikaja barua ya bima: fedha zimekwisha. Wiki ileile kliniki ikaacha kupokea simu zangu. Yule kaka naye.

Nimesamehe mengi maishani. Hili bado. Angenidanganya Mzungu ningeumia na kusahau, lakini huyu aliniita dada yangu.

Aliyenitoa pale ni muuguzi mmoja wa kazini, Mfilipino. Alinipeleka mji wa pili kwa kairoprakta, yaani tabibu anayerekebisha uti wa mgongo kwa mikono, ila huyu anashughulika na shingo ya juu peke yake. Nilikwenda nikiwa nimekunja uso, mkoba nimeukumbatia kifuani. Hela ilikuwa yangu sasa, si ya bima.

Daktari huyu alikaa na mimi karibu saa nzima bila kunigusa. Shinikizo la damu likoje? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Una mimba? Baridi yabisi? Kuna aliyepata kiharusi katika ukoo? Ulipogongwa kichwa kilikuwa kimetazama wapi? Nilimkumbuka mkandaji wa Pangani aliyekuwa akimkanda bibi yangu. Yule mama hakutia mkono kwenye mafuta mpaka aambiwe ulianguka vipi, ulikuwa umebeba nini, na umelala upande gani tangu hapo.

Kisha akachukua mifupa ya plastiki akanionyesha. Shingo ina pingili saba. Ya juu kabisa inaitwa atlasi, ni kama pete, haina ule mwili mnene wa pingili nyingine, na juu yake kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo nne na nusu hadi tano. Ya pili ni aksisi, ina kijino kinachoingia ndani ya ile pete. Ukigeuza kichwa kutazama nyuma, karibu nusu ya mzunguko huo inafanyika hapo kati ya hizo mbili. Ndiyo maana zinazunguka kwa urahisi, na ndiyo maana hazichezewi.

Aliniambia tiba hii ya makairoprakta ilizaliwa mji wa Davenport, Iowa, mwaka 1895, na D.D. Palmer. Davenport iko kwenye Mississippi, mto huuhuu unaopita hapa Minneapolis. Mwanawe, B.J. Palmer, ndiye aliyefika miaka ya 1930 akifundisha kwamba kazi yote iko kwenye pingili mbili za juu. Wafuasi wake wamegawanyika: kuna wanaotumia mkono mwepesi, kama wale wa NUCCA, chama cha makairoprakta wa shingo ya juu kilichoanzishwa 1966, kuna wanaotumia kifaa kinachogonga kidogo chini ya sikio, kuna wanaosukuma kwa kasi. Uliza yako ni ipi.

Alinipiga eksirei za shingo kutoka pande kadhaa, akapima urefu wa miguu yangu nikiwa nimelala (kipimo hiki nimekisoma sana tangu hapo, bado hakijaniridhisha), akanilaza ubavu. Akaweka mfupa wa kiganja chini ya sikio langu, akasukuma kidogo tu, kama unavyojaribu embe kama limeiva. Hakukunja. Hakuna kilicholia. Akanipumzisha dakika ishirini, akanipa karatasi ya mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku, akasema nirudi baada ya wiki.

Sitakuchosha na kila safari. Wiki ya tatu nilikaa siku nne bila kipandauso, nikampigia mama nikalia. Nilikwenda mara kumi na moja kwa jumla, akaniambia inatosha, rudi ukisikia shida. Inatosha! Kule kwingine neno hilo halikuwepo. Leo nabeba wagonjwa, nimesomea uuguzi nikamaliza, na anayesema shingo yangu imekwisha aje anione saa sita za usiku nikiwa na wagonjwa kumi na nane.

Sasa nisikilize. Sikuambii kila mtu atapona kama mimi. Sijui kama nimeponywa na mkono wake, au mazoezi, au kuacha kukunjwa mara tatu kwa wiki, na nimeamua kuyashukuru yote matatu. Mwaka 2012 ulitoka utafiti uliofanyika Minnesota hapahapa, wa watu 272 wenye maumivu ya shingo. Waliotibiwa kwa mikono na waliofundishwa mazoezi ya nyumbani walipata nafuu kuliko waliopewa dawa, na makundi hayo mawili hayakuachana sana. Kwa hiyo ukipewa mazoezi, yafanye. Dada zangu wengi wanapenda kulala kitandani wafanyiwe, lakini karatasi ya mazoezi inabaki kwenye gari.

Ukiambiwa tiba ya atlasi inaondoa shinikizo la damu, pumu, na kisukari, simama uondoke. Upo utafiti wa Chicago wa mwaka 2007 ambapo shinikizo lilishuka baada ya kurekebishwa atlasi, nao ulikuwa na watu 50 tu. Watu hamsini ni msiba mmoja wa kwetu. Usitupe dawa zako za presha kwa ajili ya utafiti huo.

Na kuna hatari ambayo kliniki ya kwanza haikunitajia hata siku moja. Mishipa miwili inayopeleka damu nyuma ya ubongo inapita kwenye matundu ya pingili za shingo, ikifika atlasi inapinda juu yake ndipo iingie kichwani. Ukuta wa mshipa ukichanika, damu inaweza kuganda pale na kuleta kiharusi. Ni nadra, na wakati mwingine mshipa ulikwishachanika tangu ajali, maumivu yenyewe ya shingo yakawa ndiyo dalili. Mwaka 2014 vyama vya Marekani vya magonjwa ya moyo na kiharusi vilitaka wagonjwa waelezwe kuhusu uhusiano huu kabla ya kuguswa shingo. Kwa hiyo uliza. Asiyetaka kuulizwa hafai kupewa shingo.

Kama una maumivu makali ya ghafla ambayo hujawahi kuyapata, kizunguzungu, unaona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, kumeza kunakushinda, uso au mkono umekufa ganzi, usiende kwa kairoprakta yeyote. Piga 911. Mwenye baridi yabisi, mwenye mifupa iliyodhoofika na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aanze kwa daktari wake wa kawaida. Mwenye mimba aseme kabla ya eksirei. Na uliza, nasema tena, uliza: unanifanyia nini, kwa nini, mara ngapi, na tutajuaje kwamba haisaidii? Aliye mkweli atakutajia tarehe ya kupima tena. Mwingine atakutajia kifurushi.

Mwenye Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo wengi wake ni wazee, ajue kwamba inalipia kurekebishwa uti wa mgongo kwa mikono tu. Eksirei anayoagiza kairoprakta utailipa mwenyewe, na ukweli huu wengi wanauona kwenye bili.

Tunajidharau sana. Mtu anakagua tairi la gari kabla ya kulinunua, analipiga teke, analiuliza bei mara tatu, lakini shingo anaitoa kwa sauti ya simu kwa sababu tu sauti hiyo inasema "dada". Lugha yetu ni tamu, nami naipenda kuliko kitu chochote nilichokuja nacho hapa, lakini haimfanyi mtu kuwa tabibu.

Mdogo wangu, namba ile usiipigie. Anza kwa daktari wako, mweleze kichwa kinavyouma. Bodi ya jimbo inayosimamia makairoprakta ina sehemu mtandaoni ya kutafuta leseni ya mtu na adhabu alizowahi kupewa. Nikitoka zamu Ijumaa asubuhi nakupigia, tuitazame pamoja, nawe uwe na kalamu.