Klabu ya habari shuleni bila kamera: mtoto ajifunze kwanza kumuuliza mkubwa

Assalamu alaykum mwalimu. Umeuliza kwamba umekabidhiwa klabu ya habari hapo shuleni kwenu Malindi, watoto wa gredi ya saba na ya nane, huna kamera, huna kompyuta, na mwalimu mkuu anataka kitu cha kuonekana kabla muhula kuisha, sasa uanzie wapi. Mimi ni patroni wa klabu kama hiyo hapa Amu, yaani Lamu, na kabla ya ualimu nilikuwa napeleka habari redioni, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu manake jambo hili nalipenda mno.

Vifaa visikunyime usingizi. Kigumu utakachokutana nacho ni kwamba hawa watoto wetu hawajazoea kumhoji mtu mzima. Wamelelewa vizuri, mkubwa akizungumza mdogo ananyamaza, mzee akipita ni salamu na kuinamisha macho, sa wewe unamtoa hapo unamwambia nenda kamuulize mzee wa mtaa mbona taka hazijazolewa. Mtoto anaona umemtuma akavunje adabu. Na mtaani kwetu huyo mzee ni ami yake au rafiki wa baba yake, jioni watakutana msikitini. Mimi naamini hapo ndo somo lote lilipo, mtoto akijua kuuliza swali gumu na adabu yake ikabaki palepale, mengine yote atajifunza tu.

Nikupe mfano. Klabu yetu ilichukua habari ya laifu jaketi kwenye boti zinazovuka kati ya Mokowe kule bara na Amu, kitu ambacho kila mtoto anakijua manake hapa kila mtu anapanda boti. Msichana mmoja, hodari kweli darasani, akaenda jeti, pale boti zinapofunga, akamuuliza nahodha, "Je, boti yako ni salama?" Nahodha akamjibu, "Salama kabisa, alhamdulillah." Akaandika, akarudi, kwisha. Hakudanganywa, ila swali lile lilikuwa na jibu lake tayari. Tukakaa tukalivunjavunja: safari yako ya mwisho jana ilikuwa saa ngapi? Ulibeba watu wangapi? Jaketi ziko ngapi ndani ya boti sasa hivi? Za watoto ni ngapi? Nani anazikagua na mara ya mwisho alikagua lini? Kesho yake akarudi na hayo, nahodha akaanza kuhesabu kwa vidole, akafungua boksi la nyuma akamuonesha zilizokatika mikanda, halafu akamwambia jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu alilifikiria, kwamba abiria wenyewe ndo wanakataa kuvaa sababu jaketi zimelowa na zinanuka, na mtu yuwaenda kazini au harusini na nguo zake safi. Habari ikageuka pale pale. Walikuwa wameshajiandaa kuandika manahodha hawajali, wakaishia kuandika nani anafaa kuzifua hizo jaketi na kwa nini hazifuliwi.

Kwa hivyo kabla hujamtuma mtoto popote mfanye aandike maswali yake, halafu afute kila swali linalojibika kwa ndio au la. Baadaye mfanye mazoezi darasani, wewe uwe mzee mkali. Unajua mwenyewe swali la kwanza la wazee wetu, "Wewe mtoto wa nani?" Hilo huwamaliza kabisa, mtoto anasema jina la baba na mahojiano yanageuka, yeye ndo anahojiwa. Tunawafundisha wajibu vizuri na waendelee: mimi mtoto wa fulani, leo nimekuja kwa niaba ya klabu ya habari ya shule, tunaandika habari ya boti, naomba nikuulize machache. Na mzee akikwepa, "Ami, nimekuelewa, lakini hilo la jana bado hujanambia." Wakishalitamka mara kadhaa mbele ya wenzao hofu inatoka, nimeona mtoto aliyekuwa hafungui mdomo darasani akimrudia mtu mzima mara ya tatu kwa swali lile lile na sauti ya chini kabisa, hadi akajibiwa.

Pili, piga marufuku "watu wengi wanalalamika". Kuna kijana aliandika hivo kuhusu punda wanaoachwa na vidonda huku wanabebeshwa mawe na simiti. Nikamuuliza umezungumza na wangapi, akasema wawili, mmoja nyanya yake. Basi andika wawili, au toka ukaongeze. Akatoka, akaenda kwa wenye punda wenyewe, akaenda na kule hospitali ya punda ya The Donkey Sanctuary ambayo iko hapa Lamu tangu 1987, ndo akapata mtu wa kumuelezea kidonda kinaanzaje, tandiko likiwa baya na mzigo ukikaa upande mmoja. Hapo ana habari.

Sasa jambo ambalo katika mji mdogo halikwepeki, undugu. Watoto wa hapa wamekua na habari kubwa, bandari mpya ya LAPSSET, ule mradi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, kule upande wa bara ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na kesi ya wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari hiyo, ambapo Mahakama Kuu kule kwenu Malindi mwaka 2018 iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwanafunzi mmoja akataka kuandika juu ya hiyo fidia, na baba yake ni mmoja wa waliodai. Sikumkataza kuwa kwenye habari hiyo ila nilimwambia kumhoji baba ampe mwenzake, na wakisoma habari yao mbele ya shule waseme wazi kwamba mmoja wa timu ana mzazi kwenye kesi. Alielewa haraka kuliko watu wazima ninaowajua. Weka hilo mapema, muulize kila mtoto katika habari hii una nani wako ndani?

Kuna mdau mwengine naye ameuliza kama mradi kama ule wa BBC School Report wa Uingereza unaweza kufanyika huku. Ule ulianza 2007, kila mwaka mwezi wa Machi wanafunzi wa shule nyingi walikuwa wakitengeneza habari zao siku moja na dedlaini ilikuwa saa nane mchana kwa saa zao. Mimi kitu nilichochukua kwao ni hiyo dedlaini tu na wasikilizaji wa kweli. Habari ya daftarini inayosahihishwa na mwalimu kwa kalamu nyekundu haimfundishi mtoto kitu, hiyo ni insha. Sisi husoma kwenye paredi, taarifa fupi tu, na karatasi inabandikwa kwenye notisi bodi. Hakuna kusogeza saa, habari ambayo haijathibitishwa inaachwa nje hata kama mwandishi wake analia. Ila panga na ratiba ya chuoni, yaani madrasa, watoto wetu wengi jioni wako kwa maalim wao, ukiweka mkutano wa klabu alasiri utapata nusu tu.

Kurekodi tunatumia simu ya mwalimu, wanafunzi hawaruhusiwi simu. Wakati wa kusi upepo wa jeti unameza sauti yote, wapeleke kwenye kichochoro nyuma ya ukuta, simu ivishwe soksi, na uangalie saa ya adhana kabla hujaanza.

Ofisi za serikali nazo utazihitaji. Ibara ya 35 ya katiba ya Kenya inampa raia haki ya kupata taarifa na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu ombi. Sisi tuliandika kuuliza habari ya maji, manake maji matamu ya mji huu yanategemea vile vilima vya mchanga vya Shela na watoto walitaka kujua vinalindwa vipi na ujenzi unavyosogea. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, jibu halikuja. Wakasoma hivo hivo: tuliandika tarehe fulani, mpaka leo hatujajibiwa. Hiyo nayo ni habari, na ni ya kweli, kwa hivyo peleka ombi mapema na uweke nakala yenye muhuri.

Usalama usiufanyie mchezo. Mtoto asiende jeti wala sokoni peke yake, wawe wawiliwawili na mtu mzima awe karibu. Mzazi atie saini kabla jina au sura ya mtoto haijaonekana popote, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivo. Mtoto mgonjwa au aliyefukuzwa kwa karo hatajwi jina hata kama darasa zima linamjua. Na picha za akina mama hapa kwetu usipige bila kuomba, wengi watakataa picha lakini watakupa maelezo mazuri kuliko wote ukiwa na subira na watoto wa kike ndo watafungua hiyo milango.

La mwisho, watakosea. Timu moja ilimpa nahodha maneno ya nahodha mwengine, akaja shuleni mwenyewe kulalamika. Hatukunong'onezana ofisini, Jumatatu iliyofuata msomaji yule yule akasimama kwenye paredi mahali pale pale akasoma sahihisho na kuomba radhi, nahodha akaalikwa asikilize. Alikuja. Kwa hivyo panga na mwalimu mkuu toka sasa mpewe nafasi ya kusahihisha kwenye paredi, kabla hamjasoma habari ya kwanza. Ukitaka ile karatasi yetu ya maswali sema, nitaichapa hapa inshallah.