Msimpe uenyekiti kabla hamjakihakiki cheti chake

Msimpe. Umeandika kwamba SACCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika cha akiba na mikopo, ina wanachama 140, kwamba yupo mfanyabiashara anayejiita Dokta ambaye ameahidi kuwajengea ofisi mkimchagua kuwa mwenyekiti, na unauliza kama mmpokee. Mwili umenisisimka niliposoma, kwa sababu mwaka 2014 sisi tulimpokea mtu wa namna hiyohiyo, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya uchaguzi, bahasha ya vyeti ikiwa mkononi mwangu.

Masharti yetu yalimtaka mwenyekiti awe amefaulu kidato cha nne. Alileta kivuli cha cheti kilichogongwa muhuri wa wakili, pamoja na picha yake akiwa na joho jekundu siku aliyotunukiwa udaktari wa heshima na chuo cha ng'ambo ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukisikia. Niliuona muhuri ule wa bluu, nikaiona sahihi, nikaandika kwenye fomu: "Vyeti vimekamilika." Hapo ndipo nilipowaangusha wenzangu. Muhuri wa wakili unathibitisha tu kwamba kivuli kinafanana na karatasi aliyoonyeshwa. Kama karatasi yenyewe ilichapwa uchochoroni, muhuri hauwezi kuifanya halali. Namba ya mtihani ilisomeka waziwazi, nami sikumpelekea mtu yeyote aihakiki.

Aliyenipumbaza ni mzee mmoja wa kamati, mstaafu tuliyemheshimu, aliyesimama akasema tumchague aliyeshiba kwa kuwa aliyeshiba haibi. Nikikumbuka maneno yale hasira hunipanda mpaka leo, kwani baadaye tulibaini kwamba mabati ya nyumba yake yalitoka katika duka la mgombea huyohuyo. Mtu aliyekwisha kununua cheti ataogopaje kununua kikao?

Katika mkutano mkuu wa mwaka wa pili, mama mmoja anayeuza maandazi stendi alimwomba mwenyekiti aeleze safu ya madeni kwenye mizania. Aliitazama ile karatasi, akaigeuza nyuma palipokuwa peupe, akairudisha, kisha akaagiza soda zigawiwe. Watu wakapiga makofi. Wakati huo alikuwa ameidhinisha mikopo bila wadhamini kwa jamaa zake na kwa wale aliowahitaji katika safari yake ya kuutafuta udiwani, na tulipokuja kufunga hesabu zilikuwa zimepotea shilingi milioni 62. Yule mama alikuwa na akiba ya milioni 1.8, ada ya binti yake, na hajalipwa hata nusu yake.

Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki mjini Dodoma, na watumishi wa umma 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi. Mwanachama wetu mmoja, muuguzi, alikuwamo, akaondoka kazini baada ya miaka mingi ya kufunga vidonda vya watu. Mwenyekiti wetu hakuguswa, kwa kuwa hakuwa mtumishi wa umma; na hata angekuwa mbunge asingeguswa, maana kwa upande wa elimu Katiba inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Huo ndio mlango ambao mwenye fedha huuona mapema kuliko sisi. Kisa cha muuguzi ndicho kilichotuzindua tukaiandikia NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, na jibu likaja kwamba namba ile ni ya msichana aliyefanyia mtihani katika kituo kingine kabisa.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: cheti kisipitie mikononi mwa mgombea na kuishia hapo. Chukueni namba ya mtihani, mwaka na jina la shule, kamati yenyewe iiandikie NECTA na kulipia ada ya uhakiki. Akidai shahada ya nje, awaonyeshe utambuzi wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nanyi mkauthibitishe hukohuko. Udaktari wa heshima msiuhesabu kuwa elimu. Majibu yawe mezani kabla ya kura, kwani kumtoa aliyekwisha kushika sahihi ya benki kulituchukua miaka mitatu.

Kama mkutano wenu umepangwa wiki hii, uahirisheni. Naye akiwaambia kwamba kuhakikiwa ni kumvunjia heshima, andikeni maneno hayo kwenye muhtasari wa kikao pamoja na tarehe.