Maombi 40,000, wageni 900: tuamini ipi?

SWALI: Tovuti yetu ina makala za utafiti wa samaki. Logi ya seva (daftari lake la kila faili linaloombwa) inaonyesha maombi 40,000 kwa mwezi, Matomo (programu ya takwimu za tovuti) inaonyesha wageni 900. Mfadhili tumpe ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo 40,000 iache. Kila faili linaloombwa ni mstari mmoja kwenye logi. Ukurasa wenye picha 12 huacha mistari 13 na ushei kwa mgeni mmoja. Bado roboti, yaani programu zinazopitia tovuti zenyewe, hujazitoa.

Lakini 900 nayo ni pungufu. Matomo huhesabu kwa JavaScript (programu ndogo) iliyo ndani ya ukurasa, na anayetoka Google Scholar moja kwa moja hadi kwenye PDF hafungui ukurasa wowote. Kwa tovuti ya sayansi, huyo ndiye msomaji hasa!

Kwa hiyo PDF zihesabu kwenye logi. Bakiza mistari ya GET (ombi la kuchukua faili) yenye “.pdf” na msimbo 200 (faili zima limetumwa) au 206 (kimetumwa kipande), kisha ondoa yenye “bot”, “crawler” au “spider”, maana hizo ni roboti. Msimbo 206 ndio huponza wengi: kisomaji huvuta faili vipande vipande, mistari 8 ikawa ni upakuaji mmoja. Unganisha vipande hivyo kwa anwani ya IP na jina la faili. Mibofyo miwili ya faili lile lile ndani ya sekunde 30 ni mmoja, ndivyo zinavyotaka kanuni za COUNTER, kiwango cha kuhesabu matumizi ya machapisho ya mtandaoni.

Andika “upakuaji”, si “watu”. Chuo kizima chaweza kutokea kwa IP moja. Na nakili logi kila wiki, maana seva nyingi za Debian (aina ya Linux) hufuta za zaidi ya siku 14.