Umaarufu wa Mtoto ni Uamuzi wa Nani?

Swali: Mhariri, salaam. Nimemaliza kusoma kitabu nilichoazimwa na mpwa wangu wa chuo kikuu, kilichoandikwa na Jennette McCurdy, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana tangu utotoni kwa vipindi vya televisheni. Jina la kitabu chenyewe linatangaza kwamba anafurahi mama yake alikufa, na ndani yake ameanika kila jambo la nyumbani kwao. Mimi nimelelewa kuamini kwamba radhi ya mama haichezewi, hata akiwa kaburini. Sasa binti yangu wa miaka 13, ambaye ameanza kufahamika kwa video za vichekesho anazorekodiwa na kaka yake, na ambaye tayari ametangaza nguo za maduka mawili ya Kariakoo kwa malipo, anakitaka kitabu hicho. Je, mwandishi alikuwa na haki ya kuandika vile? Na nimruhusu binti yangu akisome?
*Mama wa Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Mama, tunashukuru kwa barua yako. Jina la kitabu linachoma, nasi hatutalitetea kama mfano wa adabu. Hata hivyo, aliyelichagua alikuwa mtu mzima: McCurdy alizaliwa mwaka 1992, mama yake alifariki kwa saratani mwaka 2013, na kitabu kilitoka mwaka 2022, baada ya yeye kupata matibabu ya kisaikolojia. Huyu hakukurupuka kumsema marehemu kabla matanga hayajaanuliwa. Anasimulia kwamba alianza kuigiza akiwa na miaka 6 kwa sababu mama yake ndiye aliyetamani kuwa mwigizaji, na kwamba alipofika miaka 11 mama huyohuyo alimfundisha kujinyima chakula ili mwili usikomae haraka. Aibu ya nyumbani husitiriwa, ni kweli, lakini wahenga walisema pia kwamba mficha uchi hazai, na mtoto aliyeumizwa na mzazi wake hana pa kulalamikia ndani ya nyumba hiyo. Suala la radhi na laana tunawaachia viongozi wa dini. Kwa upande wetu, tunaona alikuwa na haki ya kusema.

Tulipokisoma, kilichotushika zaidi ni utiifu wa yule mtoto. Mama anampenda, anaugua, na nyumbani fedha ni za shida. Binti anajua kwamba kazi yake ndiyo inayomletea mama furaha na familia riziki, kwa hiyo kila akiulizwa kama yuko tayari, anajibu ndiyo. Ndiyo ya namna hiyo si ridhaa, kwa kuwa mtoto hana namna ya kukataa bila kujiona msaliti. Tungependa, basi, nawe ujiulize jambo ambalo barua yako haikuligusa: binti yako akisema Jumatatu kwamba amechoka na video, nani nyumbani atanuna, na bili ipi itakosa kulipwa? Hatukutuhumu, kwani matangazo mawili ya nguo hayajafika mbali, lakini ni rahisi kuweka utaratibu sasa kuliko wakati ada ya mdogo wake itakapokuwa inategemea vichekesho vyake.

Hukutaja pia fedha za maduka hayo zilikokwenda. Huko California jambo hili lilitungiwa sheria mwaka 1939, kutokana na mkasa wa Jackie Coogan, mtoto aliyepata umaarufu kwa filamu aliyoigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921. Alipokuwa mtu mzima alikuta mamilioni ya dola aliyoyachuma yametumiwa na mama yake na baba wa kambo, akawashtaki, akaambulia kiasi kidogo tu. Leo sheria hiyo inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe katika akaunti isiyoguswa hadi atimize miaka 18, na mwaka 2024 jimbo la Illinois lilianza kuwalinda kwa namna hiyo hata watoto wanaoonekana katika video za mtandaoni za wazazi wao. Hapa kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya ujira unaolingana na kazi aliyofanya na inakataza kumfanyisha kazi usiku. Benki kadhaa za Dar es Salaam hufungua akaunti za watoto zinazosimamiwa na mzazi. Fungua moja, uweke fungu lake humo, na daftari la mapato alione mwenyewe.

Kaka yake naye aelezwe kwamba video yoyote asiyoipenda dada yake haipandishwi, na iliyokwisha kupandishwa inafutwa akiomba, hata kama imetazamwa na mji mzima. (Maoni ya watu wazima kuhusu umbo la msichana wa miaka 13 yafutwe bila hata kuombwa.)

Kuhusu kukisoma kitabu, tungeshauri asikisome peke yake kwa sasa. Sehemu zinazoeleza kujinyima chakula na kujitapisha zimeandikwa kwa undani, na msichana wa umri wake anaweza kuzichukua kama maelekezo. Msomee sura za mwanzo, zile za usaili na za safari za kutafuta nafasi za kuigiza, ukimfafanulia Kiingereza panapomshinda, na umwachie nafasi ya kuuliza. Sura zilizobaki zinaweza kusubiri hadi afike kidato cha tano.