Ufukwe Uliomwagikiwa Mafuta: Usivue Viatu Upesi

Siku ya tatu ya ziara yangu nilivua viatu. Mchanga ulikuwa mweupe, maji yamerudiwa na rangi yake, na wasafishaji walikwishaondoa mitambo yao wiki kadhaa nyuma. Nilitembea hatua mia mbili hivi. Nilipoketi kupangusa miguu nikakuta nyayo zote mbili zina madoa meusi, yananata kama ulimbo.

Mafuta yakivuja baharini hayakai juu ya mchanga yakisubiri kuonekana. Mawimbi huyafukia, kisha dhoruba moja ikayafukua tena. Mengine hugeuka madonge ya lami yenye ukubwa wa sarafu, magumu asubuhi, jua likipanda yanalainika. Meli ya Exxon Valdez ilipasuka kule Alaska mwaka 1989, na zaidi ya miaka 20 baadaye watafiti walikuwa bado wakichimba fukwe za mawe na kuyakuta mafuta chini. Kwa hiyo chukua kijiti, fukua mchanga kidogo, unuse. Pua yangu imenifaa kuliko macho.

Kosa langu la pili lilikuwa kuyasugua yale madoa kwa petroli. Ngozi iliwaka moto. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona nyavu alinitazama weee, mwisho akacheka. "Kijana, mafuta hutolewa kwa mafuta." Akanimiminia ya kupikia kwenye kifuniko cha chupa. Nikapaka, nikafuta kwa kitambaa, nikamalizia kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Yakatoka yote. Petroli, mafuta ya taa na dawa ya kuyeyushia rangi, usiziguse.

Hayo ni ya mafuta yaliyokwisha kukaa. Yakiwa bado mabichi, ahirisha safari: mvuke wake una benzini (benzene, kemikali yenye sumu, si petroli), kichwa kitauma na kichefuchefu kitakuja kabla hujapiga picha ya pili. Ukilazimika kuwapo, simama upande upepo unakotokea, na watoto wabaki nyumbani.

Kuna jambo lililonishinda kwa uchungu zaidi. Nilimwona ndege amelowa mafuta, anajidonoa manyoya bila kukoma, na kila akidonoa anameza. Mikono iliniwasha nimkamate nimwoshe. Usifanye hivyo. Manyoya yaliyoshikamana hayazuii tena baridi, na ndege aliyedhoofika akioshwa papo hapo anaweza kufa kwa mshtuko. Wataalamu humpa kwanza joto na maji ya kunywa, kuosha huja baadaye. Ukimkimbiza atarudi majini. Mimi nilikaa mbali, nikapiga simu namba iliyobandikwa kwenye kibao cha tahadhari, nikasubiri. Wanaojipiga picha na ndege wa namna hiyo, sina la kuwaambia.

Kwenye mikoko na matope usikanyage kabisa. Kila hatua inasukuma mafuta chini zaidi, kwenye mizizi.

Kuhusu samaki, uliza kama eneo limefunguliwa kwa uvuvi. Wakati wa ajali ya Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta baharini, mwaka 2010, Marekani ilifikia kufunga zaidi ya theluthi moja ya maji yake ya shirikisho katika Ghuba ya Meksiko, na kabla ya kuyafungua wakaguzi waliofunzwa walinusa sampuli za samaki. Chaza na kome hukaa na sumu muda mrefu kuliko samaki, na moto wa jikoni hauiondoi. Ila eneo likishafunguliwa, nunua. Walioumia zaidi pale ni hao hao wenye mashua.

Kile kitambaa nilichofutia miguu nilikuwa nakitupa kwenye pipa la kawaida. Mzee akanipokonya, akakitia kwenye mfuko wa taka za mafuta aliokuwa ameufunga kwenye mlingoti wa mashua yake. Mifuko ilikuwa minne pale, yote imejaa.