Feni ikipuliza namba nne tu, usinunue mota

Juzi usiku kijana mmoja wa Muheza kaniandikia. Feni ya hita na AC ya gari lake, Toyota Celica, haipulizi moja, mbili wala tatu, ikifika nne ndiyo inavuma. Fundi kamwambia mota imekufa, aandae laki mbili. Nikampigia kijana simu hapo hapo, saa tano usiku, mke wangu akadhani pana msiba.

Msiba upo, wa kwangu mwenyewe. Celica yangu ni ya 1994, na sisi wenye ugonjwa wa magari ya milango miwili tunajuana: tutakula mihogo mwezi mzima ili rimu zing'ae. Watu huniuliza hita ya nini kwenye joto la Tanga. Jamani, feni ni moja. Inayosukuma hewa ya hita ndiyo inayosukuma ya AC, na ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo.

Mwaka jana, masika, nilimpeleka baba mkwe kwao Lushoto. Moja hadi tatu zilikuwa zimeshakufa miezi miwili nyuma, nami nikajizoeza nne. Mombo tulipita vizuri. Tulipoanza kupanda mvua ikashuka, na kabla ya Soni kioo kikawa cheupe kama kimepakwa tui. Nne ikakoroma, kisha kimya. Kwenye kona zile, bonde upande mmoja, mzee kavua baraghashia anafuta kioo, mimi kichwa nje ya dirisha naloa. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mwanangu, gari hili ulilinunua kwa hiari yako?"

Lushoto stendi kijana akaniwekea fyuzi, tukarudi. Fundi wa huku mjini, simtaji, alitega sikio tu: "Bosi, mota imekwisha." Nikamwachia funguo nikaenda zangu barazani kunywa kahawa. Mota ya mtumba ikaja na basi kutoka Dar, shilingi 180,000. Ikafungwa. Moja kimya, mbili kimya, tatu kimya, nne inavuma. "Basi ni swichi," akasema bila haya. Swichi 60,000. Nne ile ile. Pesa yangu ikafuata usemi wa mji wetu, waja leo waondoka leo.

Jumapili nikajifungia uani na testa ya balbu na hasira zangu. Sikilizeni, maana hapa ndipo wengi mnapoibiwa. Mota inayozunguka namba nne haijafa. Nne hupeleka umeme wote kwenye mota, lakini moja, mbili na tatu hupitia rizista, koili ndogo zinazopunguza umeme ili feni iende polepole. Koili ikikatika, nne pekee ndiyo inayobaki. Ikitokea kinyume, nne imekufa na nyingine zinafanya kazi, hapo mtazame swichi au relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Na kama feni huamka ukiipiga teke chini ya dashibodi, hayo ni makaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, yamelika.

Nikatoa droo ya dashibodi upande wa abiria, nikagusa soketi ya mota: testa ikawaka. Magari mengi ya Kijapani ya umri ule, swichi hukata upande wa negativu, kwa hiyo nikaunga waya kutoka negativu ya mota hadi kwenye bodi la gari. Ikavuma nusura inipeperushe. Mota nzima. Nikachomoa rizista: koili imekatika, soketi yake imeyeyuka pembeni. Ya mtumba nilipata kwa 25,000.

Lakini kwa nini iungue? Rizista hukaa ndani ya njia ya upepo ili ipoe. Nikakumbuka siku fundi alipotoa mota ya zamani: yalidondoka majani meusi, yameloa, nikadhani ni uchafu wa kapeti. Yalikuwa ya mwarobaini. Gari langu hulala chini yake miaka minne, na majani huingia kwenye matundu chini ya waipa. Feni ikabanwa, upepo ukapungua, mota ikavuta umeme mwingi, koili ikaungua, na fyuzi ikafuata. Kosa hilo ni langu, sina wa kumsingizia.

Ila vijana, acheni kukabidhi funguo na kwenda kahawani. Kaa pale, uliza, angalia kinachodondoka. Shika testa kabla ya kushika pochi. Na fyuzi isiungwe kwa waya wa shaba, narudia, isiungwe.

Mota ya zamani niliiunga moja kwa moja kwenye betri, ikazunguka kama pia. Nikampelekea fundi aione. "Lakini si gari limepona?" akanijibu, akaendelea kula chapati.

Kijana wa Muheza leo asubuhi kanitumia picha ya rizista yake. Koili vipande viwili. Nyuma ya picha naliona gari lake, chini ya mwembe.